Mikono Iliyoponda Kokoto Yapata Sauti

Ndugu msomaji, upitapo mbele ya nyumba inayojengwa mtaani kwako, umepata kujiuliza kokoto zile zimepondwa na nani?

Mwaka 1992 mtengeneza filamu wa Kitanzania, Bibi Flora M'mbugu-Schelling, alilijibu swali hilo katika filamu yake These Hands, yaani Mikono Hii. Kwa dakika 45 tunawatazama kina mama katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, wakivunja mawe kwa nyundo. Wengi wao ni wakimbizi waliotoka Msumbiji kwa sababu ya vita. Hakuna msimulizi anayetuamuru tufikiri nini. Tunasikia nyundo, nyimbo, na mazungumzo ya Kiswahili na Kimakonde.

Ukimya huo una maana kubwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mwafrika aliigiza, lakini mgeni ndiye aliyeamua hadithi na mafunzo yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tuelekee Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Vitabu vya historia vikiitaja delta hiyo, mara nyingi husimulia manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoangamizwa humo Julai 1915. Ni habari ya kweli, lakini ni habari ya wageni wawili waliogombana katika maji ya watu. Je, wenyeji wa maji hayo? Yuko wapi mama anayelinda mpunga juu ya dungu, mvuvi wa kamba anayesubiri maji yajae, na mzee aijuaye mikoko mti kwa mti? Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipoletwa mpango wa kufuga kamba katika eneo kubwa la delta, wakazi waliupinga hadi mahakamani, na mradi haukutekelezwa. Hiyo nayo ni historia, tena ni yao.

Anayefaa kuisimulia ni binti aliyezaliwa huko, anayejua bibi yake hunyamaza wapi na hucheka wapi.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, binti yako akikuambia kwamba anataka kujifunza kazi ya kamera, usiharakishe kumwambia kuwa hiyo ni kazi ya wanaume au ya wahuni. Muulize anataka kumpiga picha nani, na kwa nini. Mfundishe kuomba ruhusa kabla ya kuingia na kamera katika nyumba ya mtu, na kuwarudishia wenyewe filamu yao waitazame. Kisha mkalishe karibu na wazee wake, awasikilize wangali hai. Mzee akiondoka na simulizi zake, hakuna kamera iwezayo kuzirejesha.