Serikali Itoe Fedha kwa Utafiti wa Magonjwa Yetu



Hivi karibuni nilikuwa Koboko kwa mkutano wa tawi. Tulikaa chini ya mwembe, watu wa tumbaku, wa kupasua mbao na wa kinu cha kusaga. Niliposema kwamba Chama kidai fedha za utafiti wa magonjwa, mama mmoja anayechambua tumbaku alisimama akasema: "Ndugu katibu, kituo chetu cha afya hakina hata vidonge vya malaria. Sisi twataka dawa, wewe watuletea habari za utafiti?"

Watu wakapiga makofi. Sikumlaumu, maana swali lake ni la haki. Leo nalijibu kwa maandishi ili na wenzetu wa Arua wasome.

Nilimwuliza: "Mama, kule mtoni umepata kuona vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi, vimesimamishwa kwa vijiti?" Akasema ameviona, na watoto wamekatazwa kuvigusa. Nikamwambia, basi ule ndio utafiti.

Wazee wetu wanaujua ugonjwa wa malale. Mbung'o anakuuma mtoni, unapata homa, baadaye akili inavurugika, unalala mchana na kukesha usiku. Usipotibiwa, unakufa. Kwa miaka mingi, ugonjwa ukishafika ubongoni, dawa ilikuwa sindano ya melarsoprol, yenye aseniki ndani yake, yaani sumu. Katika wagonjwa 100 waliodungwa, dawa yenyewe iliua kama 5.

Watafiti walimchunguza mbung'o wa mtoni. Wakaona anavutwa na rangi ya buluu, na kwamba kitambaa cha sentimita 25 kwa 50 kilichotiwa sumu ya wadudu kinatosha kumwua. Tangu mwaka 2011 vitambaa hivyo vilianza kujaribiwa kwenye mito ya Koboko, Maracha na Arua, na mbung'o wakapungua sana. Watafiti wengine walitafuta dawa mpya. Mwaka 2018 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikubali fexinidazole, vidonge vya kumeza kwa siku 10. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina yetu ya West Nile si tatizo kubwa tena la afya ya umma katika Uganda.

Kwa hiyo, mama, dawa haioti yenyewe kama uyoga. Kabla ya kidonge kufika mkononi mwako, kuna mtu aliyefanya utafiti, na kuna aliyemlipa.

Nani alilipa? Hapo ndipo pana uchungu. Vitambaa vile vililetwa na wataalamu wa Uganda pamoja na chuo cha Liverpool, Uingereza, kwa fedha za mfuko wa Bill Gates wa Marekani. Taasisi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller. Mwaka 1937 watafiti wake walichukua damu ya mama mmoja wa Omogo, West Nile, mwenye homa, wakagundua virusi ambavyo dunia nzima inaviita kwa jina la mkoa wetu. Kuanzia mwaka 1972, shirika la utafiti wa saratani lenye makao Ufaransa lilichukua damu ya watoto kama 42,000 wa West Nile ili kujua chanzo cha saratani ya taya. Kazi hizo zilikuwa njema, nasi tunashukuru. Lakini damu ilikuwa yetu, na fedha zilikuwa za wengine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na kazi nyingi za afya katika Uganda zikasimama. Mbung'o hajui habari za misaada. Vitambaa visipobadilishwa, atarudi mtoni, na atakayeumwa ni mkulima na kibarua.

Mwezi Juni 2008, huko Algiers, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana kwamba angalau shilingi 2 katika kila 100 za matumizi ya afya ziende kwenye utafiti. Sisi tunadai ahadi hiyo itimizwe. Hatusemi vidonge vya malaria vipunguzwe ili mtafiti alipwe. Tunadai vyote viwili, kwa sababu kodi tunalipa kwenye mshahara, sabuni na sukari.

Kila tawi lijadili jambo hili na kuandika azimio kabla bajeti haijasomwa mwezi Juni. Bungeni tuna wabunge 5 wa wafanyakazi. Wapelekewe maazimio, nao watujibu.

Yule mama wa Koboko alikuwa wa kwanza kunyosha mkono kuunga mkono, ila akaongeza: "Andika na vidonge, ndugu katibu." Nimeandika.

Umoja ni nguvu!