Mto Unaopita Kwenye Mashimo Tisa

Sogeeni karibu, wanangu, maana leo tunajenga uwanja wa gofu wenye maji. Tutaujenga ndani ya gemu, lakini kabla ya kugusa kitufe chochote nitawasimulia habari za mama mmoja aliyeitwa Alice Dye na mumewe, Pete.

Wote wawili walikuwa wakiuza bima huko Indiana, Marekani, kabla ya kuwa wabunifu wa viwanja, na Alice mwenyewe alikuwa mchezaji hodari wa gofu ya ridhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Pete akapewa kazi ya kujenga uwanja mpya huko Ponte Vedra Beach, Florida. Ardhi yenyewe ilikuwa kinamasi kitupu. Ekari 415 za tope na miti iliyobanana zilinunuliwa kwa dola 1 tu, basi na ninyi pimeni hali yake. Kila mahali fundi alipochimba, alikutana na maji.

Karibu na mahali palipopangwa kuwa shimo la 17 wakakuta mchanga mzuri. Kwenye kinamasi mchanga ni mali, kwa sababu ndio unaotandazwa chini ya nyasi ili maji yapenye na yasituame. Wakauchota, wakaupeleka kwenye mashimo mengine, wakarudi wakachota tena. Mpango wa shimo lile ulikuwa wa kawaida: grini, yaani lile eneo la nyasi fupi kabisa ambako bendera husimama, na kidimbwi kidogo ubavuni mwake. Walipokuja kushtuka, ardhi ya kujengea hiyo grini ilikuwa karibu imekwisha. Pembeni kumebaki lishimo likubwa wazi. Pete akakwama. Alice ndiye aliyemwambia: jaza maji pande zote, grini iwe kisiwa.

Uwanja huo, TPC Sawgrass, ulifunguliwa mwaka 1980, na shimo lake la 17 linajulikana dunia nzima. Lina urefu wa mita 125 hivi tu. Pangekuwa nchi kavu, mchezaji wa kulipwa asingelifikiria mara mbili. Lakini mwaka 2005 Bob Tway, mtu aliyewahi kushinda mojawapo ya mashindano manne makubwa kabisa ya gofu, alizamisha mipira minne hapo na kumaliza kwa mikwaju 12 shimo linalotakiwa limalizwe kwa mitatu.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii haisimuliwi sana. Mwanzoni Pete aliitengeneza grini ile ikiwa imeinama kwa nyuma, kuelekea majini. Alice akaitazama, akawaza siku ya mashindano yenye upepo wa kusukuma mgongoni: mpira ukitua utateleza na kutumbukia, wa pili vilevile, wa tatu vilevile, na kundi la kwanza halitaondoka pale. Akamwambia mumewe hivyo, na Pete akaunyanyua ule upande wa nyuma. Kisiwa kikabaki cha kuogofya, lakini mpira uliopigwa vizuri ukapata mahali pa kukaa.

Nimeanza na kisiwa kwa sababu najua mtakachofanya mkishafungua gemu. Mtajenga kisiwa. Kisha cha pili. Kisha mashimo yote yawe visiwa. Na mkifika shimo la nne mtakuwa mmechoka, kwa sababu kila mara swali ni lile lile na jibu ni lile lile: piga moja kwa moja, au zama. Maji ya kupendeza yanamuuliza mchezaji swali lenye majibu zaidi ya moja.

Sasa tuje kwenye vifaa. Lunenburg ni mji mkongwe wa wavuvi katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Huko ndiko iliko kampuni ya HB Studios, iliyotoa gemu ya The Golf Club mwaka 2014. Ndani yake waliweka vifaa vya mchezaji kujijengea uwanja wake na kuwapa wengine waucheze. Baadaye mfululizo huo ukageuka kuwa PGA Tour 2K, na ile ya 2K21, iliyotoka mwaka 2020, nayo ikaja na sehemu ya kubuni viwanja. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ninyi: tangu mwaka 1990 palikuwa na gemu ya kompyuta yenye jina la mcheza gofu Jack Nicklaus iliyomruhusu mtu kuchora mashimo yake.

Gemu hizi zina siri moja, na ukiijua kazi inakuwa nyepesi. Maji unayoyaona kwenye skrini kwa kawaida hayakumwagwa popote. Ni sakafu bapa, iliyolala sawasawa kabisa, iliyopakwa rangi na kupewa mng'ao na viwimbi. Mara nyingi sakafu hiyo imetandikwa chini ya ardhi yote, nawe huioni. Unapochukua brashi ya kushusha ardhi na kuikandamiza mahali, udongo unashuka, unashuka, na ukipita kimo cha ile sakafu, papo hapo maji yanachomoza. Hujaleta ziwa. Umelifunua tu.

Hapo wengi huharibu. Wanachagua brashi ndogo yenye nguvu nyingi, wanachimba, na kingo zinasimama wima pande zote, ziwa likawa kama beseni lililofukiwa bustanini. Chagua brashi pana yenye nguvu kidogo. Shusha polepole, ukianzia mbali na katikati, ili ardhi ianze kuinama kabla haijafika majini. Kisha rudi kwenye ukingo ufanye kazi ya mkono: hapa utokeze kijirasi, pale ukate kighuba, upande mmoja uwe mwinuko wenye majani marefu, upande mwingine nyasi fupi zinazoteremka hadi kwenye maji. Ukingo wa nyasi fupi ni mkali kuliko unavyoonekana, kwa sababu mpira ukifika hapo hausimami. Unabingirika hadi ndani. Ukingo wa majani marefu unaweza kuudaka mpira na kuuokoa. Kwa hiyo kabla hujaamua urefu wa majani, amua kwanza ni kosa gani unataka kulisamehe.

Jambo la pili: maji hutoka mahali na kwenda mahali. Ziwa lililokaa juu ya kilima bila sababu, au mto unaopanda mlima, jicho litaukataa hata kama mchezaji hawezi kueleza kinachomkera. Kwa hiyo mimi huanza na mto mzima, ndipo nitafute mashimo ya gofu yatapita wapi. Chagueni mto mnaoujua. Mimi ningechukua Pangani. Vijito vyake vinatoka Kilimanjaro na Meru, vinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mto unashuka tambarare hadi kwenye maporomoko karibu na Hale, halafu unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani wenyewe. Mlima, kijito, bwawa, maporomoko, mikoko, bahari: hapo tayari tuna mashimo tisa ya kutosha.

Shimo la kwanza lisiwe na maji ya kuzamisha mtu. Mchezaji ndiyo kwanza anashika fimbo. Mwache aone kijito kule pembeni, chini ya miti, basi. La pili na la tatu kijito kikatize njia ya mpira, chembamba, mita 3 tu. Msidharau maji membamba. Huko Carnoustie, Uskoti, mwaka 1999, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la mashindano ya The Open akiongoza kwa mikwaju mitatu. Mpira wake ukaangukia kwenye kijito kiitwacho Barry Burn. Akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia majini kutazama kama anaweza kuupiga humo humo. Hakuupiga. Akatumia mikwaju 7, akaingia kwenye mchezo wa kuamua mshindi, na kombe likaenda kwa Paul Lawrie. Kilichomponza kilikuwa kijito, tena wala si kipana.

Kwenye bwawa, shimo la nne, ndipo tutakapokaa muda mrefu. Msiliweke bwawa mbele ya mchezaji kama ukuta. Liwekeni mshazari. Tuseme njia inakunja kulia, na bwawa limejaza ile kona. Anayelenga kushoto anavuka maji kwa mita 150 tu, anatua salama, lakini bado ana mita 170 hadi kwenye bendera. Anayelenga katikati anahitaji kuvuka mita 180. Anayelenga kulia kabisa lazima mpira uruke mita 210 bila kugusa chini, na akifaulu zimebaki kama mita 110, mkwaju mwepesi. Kila mmoja anajikatia kipande cha maji kinachomtosha. Mwenye nguvu ana lake, mwenye hofu ana lake, na mwenye tamaa atajulikana tu.

Mkitaka kuona mshazari ukifanya kazi kweli, nendeni Augusta, jimbo la Georgia, kwenye shimo la 12. Grini yake ni nyembamba, imekaa mshazari nyuma ya kijito kiitwacho Rae's Creek, na upande wake wa kulia uko mbali kidogo kuliko wa kushoto. Siku ya mwisho ya mashindano ya Masters mwaka 2019 bendera ilikuwa kulia. Katika makundi mawili ya mwisho Brooks Koepka, Ian Poulter, Francesco Molinari na Tony Finau wote walitumbukiza mipira majini pale pale. Tiger Woods akaiacha bendera, akalenga kushoto kwake, juu ya banka ya mchanga, mahali penye nafasi. Akamaliza kwa mikwaju mitatu na siku ile akavaa koti la kijani la mshindi. Mbunifu alikuwa ameacha mlango wazi upande wa kushoto. Aliyeuona akapita.

Baada ya bwawa, pumzikeni. Shimo la tano na la sita yawe nchi kavu, nyasi za tambarare na miiba, mto usikike tu au uonekane kwa mbali. Wabunifu wachanga huona huku ni kupoteza nafasi. Mimi naona ndiko kunakoyapa maji uzito wake, kwa sababu mchezaji akitoka kwenye ukavu na kuyakuta tena, moyo unaruka.

Shimo la saba ni la maporomoko, na hapa ile sakafu bapa inaleta shida: haiwezi kuteremka. Gemu yako ikikuruhusu kuweka maji ya vimo tofauti, jenga mto kwa ngazi, kidimbwi juu, miamba, kidimbwi chini yake, na mawe ya kuficha maungio. Kama hairuhusu, chimba korongo refu lililo kavu juu, na maji yaanzie chini kabisa. Mchezaji atadhani yametoka huko juu. Mpigishe mkwaju kutoka kileleni kuelekea grini iliyo bondeni, na mwachie nafasi ya mita 15 upande mmoja, maana mpira unaopigwa kutoka juu husafiri mbali kuliko macho yanavyodhani.

Halafu mikoko, kwenye shimo la nane. Kama hazina ya gemu haina mikoko, panda miti mifupi iliyobanana ikigusa maji, itatosha. Tumia rangi mbili za vigingi: vya njano pale maji yanapokatiza njia, vyekundu pale yanapokwenda sambamba nayo. Mpira ukizama kwa vyovyote unaongezewa mkwaju mmoja, lakini kwenye vyekundu mchezaji anaweza pia kudondosha mpira mwingine pembeni, ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipoingilia, bila kukaribia bendera. Mto unaokwenda sambamba na njia usiowekewa vigingi vyekundu ni uonevu.

Mkishamaliza, chezeni wenyewe, kisha mpeni mtu anayecheza vibaya kuliko ninyi. Mdogo wako anafaa sana. Kaa kimya, usimwelekeze, tazama tu mipira yake inazama wapi. Ikizama kwenye bwawa alipokuwa analenga kulia, vema, alijitakia. Ikizama alipokuwa analenga kushoto, pale penye usalama, kosa ni la ukingo wako: rudi na brashi, usogeze mita 10. Geuza upepo na ujaribu tena, maana kisiwa kinachochezeka kwenye utulivu kinaweza kuwa hakichezeki kabisa upepo ukivuma.

Shimo la tisa liko mdomoni mwa mto, bahari nyuma yake. Hapo, na hapo tu, nawaruhusu kisiwa chenu. Kifanyeni kipana kuliko mnavyotaka, nyanyueni upande wa nyuma, na mchague mahali panne pa kusimamisha bendera: pawili katikati, pa tatu karibu na maji upande wa mto, pa nne upande wa bahari. Siku ya kwanza ya kuwaalika marafiki, wekeni ya katikati.