Chonge za Kiboko na Jino la Binadamu

Wakati wa kiangazi, maji ya Mto Katuma yanapopungua, viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini ya mji wa Mpanda, husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia. Madume hupigana, na silaha yao ni chonge za taya ya chini, ambazo huweza kufikia urefu wa nusu mita. Chonge hizo husagana kila siku, lakini haziishi, kwa kuwa hukua maisha yote. Pembe ya tembo nayo, ijapokuwa huitwa pembe, ni jino la mbele lenye tabia hiyo hiyo. Kwa nini basi jino la mtu likishakomaa halikui tena?

Jino hujengwa na chembe hai za aina mbili kuu. Za kwanza hutengeneza enameli, yaani gamba gumu la nje. Za pili hutengeneza dentini, tabaka la ndani linalozunguka kiini chenye damu na neva. Chembe hizo hazijiamulii kazi. Hupelekeana protini ziitwazo vichochezi vya ukuaji, ambazo huziamuru kugawanyika, kubadilika au kutulia.

Kimojawapo cha vichochezi vya mwanzo kugunduliwa kilijulikana kwa ajili ya meno. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, alieleza kuwa protini aliyoitoa katika tezi za mate za panya ilifanya vitoto vya panya vifumbue macho na kuota meno kabla ya wakati. Mwaka 1986 yeye na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Panya huyo huyo ametoa jawabu la swali letu. Meno yake ya mbele hukua daima, bali magego yake hayakui. Katika shina la meno ya mbele hubaki akiba ya chembe changa, nayo hutunzwa na kichochezi kiitwacho FGF10. Katika magego kichochezi hicho hukoma mizizi inapoanza kujengwa, na akiba ya chembe za enameli hutoweka.

Meno ya binadamu hufuata njia ya magego. Jino linapochomoza, chembe zilizotengeneza enameli yake zimekwisha kufa. Tundu likitokea, enameli mpya haioti. Lakini chembe za dentini huendelea kuishi pembezoni mwa kiini. Tena ndani ya dentini yenyewe vimehifadhiwa vichochezi, kama vile TGF-beta. Asidi ya uozo inapoyeyusha dentini, vichochezi hivyo hufunguliwa, na chembe huamka kujenga ukuta mpya wa kukinga kiini. Uozo usipozuiwa, huwahi kufika kiinini kabla ukuta haujakamilika.

Katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa nchini Tanzania njia ya matibabu inayozipa chembe hizo nafasi. Tabibu huondoa uozo laini kwa vifaa vya mkono, pasipo umeme, kisha huziba tundu kwa saruji maalumu ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Njia hiyo yafaa hata vijijini, mbali na nguzo za umeme.

Kwa hiyo mzazi aonaye tundu dogo katika gego la mwanawe asingoje maumivu. Kiboko hulipiziwa kila kinachosagika. Mtoto amebakiziwa mafundi wa ndani tu, nao huhitaji kusaidiwa mapema.