Idjwi, Kisiwa Kilichogawiwa Brussels

Kinyinya ni kilima kilichoko kaskazini mwa Kigali, katika wilaya ya Gasabo. Ndipo iliposimama milingoti ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo kutoka Ujerumani kwa masafa mafupi tangu miaka ya 1960 hadi mitambo ilipozimwa mwaka 2015. Mjerumani huyo wa redio alikuja kwa makubaliano na Rwanda iliyo huru. Waliomtangulia, wale wa miaka ya 1890, walikuja na bunduki na ramani, na ramani ndiyo iliyodumu. Anayetaka kuielewa Rwanda ya leo na majirani zake lazima aisome ramani ile, na hakuna mahali inaposomeka vizuri kama kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu.

Ukipanda basi kwenye kituo cha Nyabugogo, Kigali, kwenda Karongi, mji ambao watu wazima bado wanauita Kibuye, barabara inazunguka vilima kwa saa kadhaa, kisha ziwa linajitokeza chini yako. Liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Halina mamba wala kiboko, na kwenye vilindi vyake vinavyopita mita 470 kumejaa gesi ya methani, ambayo mtambo wa KivuWatt hapo Karongi huivuta kuzalisha umeme. Jioni wavuvi huondoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo, kwenda kuvua sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ng'ambo, upande wa magharibi, mgongo mrefu wa milima umelala juu ya maji. Hicho ndicho Idjwi, na si mwamba mdogo kama Migingo wa Ziwa Victoria, uliobanwa na vibanda vya mabati huku Wakenya na Waganda wakiuvutana. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe yetu tu inayokizidi ukubwa. Wakazi wake wanakadiriwa kupita robo milioni, wengi wao Wahavu, pamoja na Wambuti ambao walisukumwa kando ardhi ilipozidi kuwa finyu. Kiutawala ni sehemu ya Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kikiwa na machifu wawili: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa ufalme unaojitegemea. Mwendanga, wa ukoo wa Basibula, ndiye aliyeusimamisha, akarithiwa na mwanawe Kabego. Walikuwa na sherehe yao ya malimbuko, Muganuro, ambayo ni ndugu wa Umuganura wa Rwanda, lakini mwami, yaani mfalme, aliyeiongoza alikuwa wa kisiwani. Hili nalisisitiza kwa sababu watetezi wa pande zote mbili za mpaka hulipita haraka mno.

Katika miaka ya 1870 mwami wa Rwanda, Kigeri IV Rwabugiri, alivusha majeshi kwa mitumbwi. Kabego aliuawa, kisiwa kikatiwa chini ya Rwanda, na Rwabugiri akajenga makazi yake huko. Alikuwa mfalme wa vita, na hata kifo chake mwaka 1895 kilimkuta katika safari ya vita pande hizo za Kivu. Baada yake Rwanda iliingia katika ugomvi wa kurithi kiti, na Idjwi kikaponyoka. Utawala wa Rwanda juu ya kisiwa ulidumu kama miongo miwili.

Ulaya kwa upande wake ilishajigawia. Katika mapatano ya 1884 na 1885, Ujerumani na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyejitwalia Kongo, walichora mstari ulionyooka kwenye eneo ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelikanyaga. Gustav Adolf von Götzen alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, mwaka 1894. Kwa mstari ule ziwa lote lilikuwa la Leopold. Wajerumani walipolijua walilitaka, wakaweka vituo vyao ufukweni mashariki, na kwa zaidi ya miaka kumi maofisa wa pande mbili walitazamana kwa bunduki.

Mei 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa Brussels na kugawana. Idjwi kikaenda Kongo ya Wabelgiji. Bufumbira, ambayo leo ni Kisoro ya Uganda, ikaenda kwa Waingereza. Mwami wa Rwanda, Yuhi V Musinga, aliyehesabu sehemu hizo kuwa milki yake, hakualikwa. Wala watu wa Idjwi hawakufikiriwa kuwa na la kusema.

Mstari wa Brussels haukuheshimiwa hata miaka mitano. Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeanza, Kapteni Max Wintgens, aliyekuwa akiwaongoza Wajerumani huku Rwanda, alivuka na askari wake akaiteka ngome ya Wabelgiji kisiwani. Kwa mwaka mmoja na zaidi, aliyeshika Idjwi ndiye aliyeshika ziwa. Wabelgiji walikitwaa tena kisiwa 1916, wakaingia Kigali mwezi Mei, na kufikia Septemba walikuwa Tabora. Vita vilipoisha walikuwa na Kongo na Rwanda zote mbili, lakini mpaka wa 1910 waliuacha vilevile. Umoja wa nchi huru za Afrika nao, katika azimio la Cairo la 1964, ukaridhia mipaka kama ilivyorithiwa.

Malalamiko hayakufa. Oktoba 1996 Rais Pasteur Bizimungu aliwaonyesha wananchi ramani ya Rwanda ya kale, na Aprili 2023 Rais Paul Kagame, akiwa Benin, alisema mipaka ya kikoloni ilikata vipande vya Rwanda na kuvitia Kongo na Uganda. Kinshasa ilikasirika. Maneno ya Kagame yana ukweli kuhusu ukatili wa mistari ile. Lakini kwa Idjwi dai la ufalme wa Rwanda ni ushindi wa Rwabugiri, na Kongo nayo haina hati kongwe kuliko ile ya Brussels.

Vita vya Kongo vilivyoanza bara 1996 na 1998 vilikiepuka kisiwa kwa kiasi kikubwa, ingawa wakimbizi wa Rwanda wa 1994 walikijaza na misitu ikakatwa kwa kuni. Wakulima wake wa kahawa kwa miaka mingi waliivusha usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda kwa magendo, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na bei na wanunuzi, na wengi walizama.

Upande wa Rwanda, karibu na mji wa Rusizi, kuna kisiwa kidogo cha Nkombo. Wenyeji wake wanazungumza lugha ya jamii moja na Kihavu na Kishi, wanaoana na watu wa ng'ambo, na kitambulisho chao ni cha Rwanda. Mkataba wa 1910 ulivitaja visiwa kimoja kimoja: hiki ulikiita Gombo, ukampa Mjerumani.