Baiskeli, msitu na reli ya zamani: njia za familia kuzunguka Södertälje



Shule zikifungwa katikati ya Juni, watoto wanakuwa nyumbani mpaka Agosti. Jua linazama karibu saa 4 usiku na wao hawataki kulala. Wazazi wengi huuliza: bila gari, na bila pesa ya kusafiri mbali, tuwapeleke wapi? Jibu moja ni baiskeli. Hapa si alama ya umaskini. Daktari anaenda nayo kazini, na mwalimu anaenda nayo shuleni. Kutoka Ronna, Geneta, Hovsjö au Fornhöjden, msitu uko karibu kuliko unavyofikiri.

Huhitaji kibali

Wengi wetu tumeishi mahali ambapo kutoka nje ya kambi bila karatasi lilikuwa kosa, na kwenda kutafuta kuni kulikuwa na hatari yake. Mazoea hayo hayatoki upesi. Mtu anaona msitu mbele yake, anajiuliza ni wa nani na nani atamfukuza, kisha anarudi nyumbani.

Kwa hiyo jifunze neno hili: *allemansrätten*. Ni haki ya kila mtu kutembea katika mazingira ya asili, na tangu 1994 imetajwa katika katiba ya Uswidi. Haiulizi uraia wala aina ya kibali chako cha kukaa. Unaweza kupita kwa miguu au kwa baiskeli katika msitu wa mtu mwingine, kuchuma matunda madogo ya mwituni, kuogelea ziwani, na kupiga hema kwa usiku mmoja au mbili mbali na nyumba za watu. Barabara binafsi za mashambani pia zinaruhusiwa kwa baiskeli.

Haki hiyo ina mipaka yake. Usipite kwenye kiwanja cha nyumba ya mtu wala kwenye shamba lenye mazao. Funga geti la mifugo ulilofungua. Rudi na takataka zako. Usiwashe moto wakati wa ukame, maana mara nyingi huwa kuna marufuku. Katika hifadhi za asili kuna sheria za ziada, zisome kwenye ubao mlangoni. Waswidi wenyewe hufupisha yote hayo kwa maneno mawili: usisumbue, usiharibu.

Njia tatu za kuanzia

*Ya kwanza ni ya mjini, kwa wenye watoto wadogo.* Fuata njia za kando ya mfereji wa Södertälje, uliofunguliwa 1819. Ziwa Mälaren liko juu kidogo kuliko bahari, ndiyo maana meli huingia kwanza kwenye chumba chenye malango, maji yakapandishwa au kushushwa, kisha ikaendelea. Watoto watapenda kusimama hapo. Juu ya kilima kuna makumbusho ya wazi ya Torekällberget, yenye nyumba za zamani na mifugo. Kuingia ni bure.

*Ya pili ni ya bondeni, kuelekea Järna na Gnesta.* Järna iko kiasi cha kilomita 12 kusini. Hapo kuna bonde la mto Moraån, ambalo sehemu yake ni hifadhi, na samaki wa baharini hupanda mto huo kwenda kutaga mayai. Ukishuka upande wa Ytterjärna utakuta mashamba ya kilimo kisichotumia kemikali, bustani, na jengo la utamaduni la Kulturhuset lililofunguliwa 1992. Mwenye nguvu anaweza kuendelea hadi Mölnbo, kisha Gnesta, kupitia mashamba na misitu. Uzuri wa njia hii ni kwamba Järna, Mölnbo na Gnesta zote zina kituo cha treni ya abiria. Mtoto akichoka, mnapanda treni na kurudi. Baiskeli huruhusiwa ndani ya treni hizo, isipokuwa saa za msongamano asubuhi na jioni katika siku za kazi. Jumamosi na Jumapili ndizo siku nzuri.

*Ya tatu ni ya reli ya zamani, kuelekea Nykvarn na Taxinge.* Mwaka 1895 ilifunguliwa reli kutoka Saltskog, hapa hapa Södertälje, kwenda upande wa Eskilstuna. Miaka mia moja baadaye ilijengwa reli mpya ya kasi zaidi, iliyofunguliwa 1997, na sehemu za tuta la zamani zikabaki bila treni. Kati ya Läggesta na Taxinge, tangu 2011, treni ndogo ya mvuke ya makumbusho hupita juu ya tuta hilo. Upana wa reli yake ni milimita 600 tu. Waliopanda treni ya Kigoma, ambayo reli yake ina upana wa mita 1, wataona tofauti mara moja. Nykvarn iko kiasi cha kilomita 12 kutoka Södertälje na ina kituo cha treni. Taxinge iko mbele yake, kando ya ziwa, na jumba lake linajulikana kwa keki.

Kwa nini waendesha baiskeli wanapenda reli za zamani? Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde ili njia iwe karibu tambarare. Reli ikiondolewa, inabaki njia ambayo hata mtoto au mtu anayejifunza ukubwani anaimudu. Kusini mwa Uswidi iko njia ndefu ya aina hiyo, Banvallsleden, kati ya Halmstad na Karlskrona, yenye kilomita zipatazo 250.

Angalizo kuhusu umbali: Mswidi akikuambia ni *två mil*, usidhani ni maili mbili. *Mil* moja ni kilomita 10.

Sheria zinazotofautiana na za kwetu

Uswidi hupita kulia, tangu Septemba 1967. Waliotoka Kongo na Burundi wamezoea. Waliokulia Tanzania, Kenya au Uganda wawe makini hasa kwenye makutano.

Kule kwetu keria ilibeba mgonjwa, gunia la mkaa, hata kitanda. Hapa huruhusiwi kumpakia mtu mzima kwenye baiskeli ya kawaida. Aliyetimiza miaka 15 anaweza kumbeba mtoto mmoja aliye chini ya miaka 10. Aliyetimiza miaka 18 anaweza kubeba wawili walio chini ya miaka 6. Mtoto mdogo lazima awe na kiti chake na kinga ya kuzuia miguu isiingie kwenye spoku.

Kila aliye chini ya miaka 15 lazima avae kofia ngumu. Mzazi halazimishwi, lakini mtoto hufuata anachokiona. Baiskeli iwe na breki na kengele. Gizani iwe na taa mbele na nyuma, pamoja na viakisi mwanga. Kamwe usiingie na baiskeli kwenye barabara kuu za magari ya kasi kama E4 na E20, hata kama simu inaonyesha kuwa ndiyo njia fupi.

Kabla ya kuondoka

Ukinunua baiskeli iliyotumika, omba jina la muuzaji na uandike namba ya fremu. Bei ya chini kupita kiasi iwe onyo, kwa sababu kununua mali ya wizi ni kosa la jinai. Katika manispaa nyingi kuna Fritidsbanken, ambapo vifaa vya michezo huazimwa bure kwa siku 14. Uliza maktaba au manispaa wakuelekeze ulipo wa karibu.

Beba maji, chakula, pampu, viraka na gundi, na koti la mvua hata kama kumekucha jua. Mkirudi, kagueni miili ya watoto: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Kupe wa eneo hili wanaweza kuleta homa ya ubongo iitwayo TBE, ambayo ina chanjo, na borrelia, ambayo haina chanjo hiyo lakini hutibiwa kwa antibayotiki. Mtoe kupe mara moja. Ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi, piga 1177. Kwa dharura, piga 112.

Akina mama ambao hawakupata nafasi ya kujifunza utotoni, hamjachelewa. Shusha kiti mpaka miguu yote miwili ifike chini, tafuta uwanja mtupu, sukuma kwa miguu bila pedali mpaka upate mizani. Pedali zitafuata.

Jumamosi ya kwanza nendeni kilomita tano tu, mkae chini mle, mrudi. Wiki inayofuata ongezeni. Haba na haba hujaza kibaba, na kabla shule hazijafunguliwa mtakuwa mmefika Järna.