Setilaiti ni za Bure, Chaji Ndiyo Ghali

Ukitoka Bunia, hapa Ituri, kwa baiskeli kuelekea Komanda, safari ya karibu kilomita 75, kabla hujafika Irumu unavuka mstari ambao hauna kibao wala bariyeri. Fungua kwenye simu programu yoyote inayoonyesha latitudo na longitudo, utaona tarakimu zikishuka: 30.0003, 30.0001, halafu 29.9999. Hapo umeivuka longitudo ya digrii 30 mashariki. Bunia yenyewe iko robo digrii upande wa mashariki wa mstari huo, kama kilomita 28. Kwa hesabu ya jua hiyo ni dakika moja: jua la utosini hufika Bunia dakika moja kabla ya kufika kwenye mstari.

Dakika za namna hiyo ziliwahi kugombanisha madola. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo uliufanya mstari huo kuwa mpaka kusini mwa hapa, upande wa Semliki na Rwenzori. Kuuandika kwenye karatasi kulikuwa rahisi, kuukuta ardhini ndiko kulikosumbua, kwa sababu longitudo zama hizo ilitafutwa kwa saa. Msafiri alitazama jua au nyota akajua saa ya pale aliposimama, kisha akailinganisha na saa ya Greenwich aliyoibeba. Saa ikikosea sekunde moja, mtu amekosea karibu nusu kilomita. Ikikosea dakika, amehama kilomita 28. Ramani zikauweka mstari pasipo pake. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ikaja kupima mwaka 1907 na 1908, na mwishowe, Mei 1910, wakubwa wakaamua kufuata vitu vinavyoonekana kwa macho: Mto Semliki, kilele cha Rwenzori, Ziwa Albert. Mstari wenyewe haukuachwa. David Gill, mwanaastronomia wa Cape, alikuwa ametoa wazo la kuipima dunia kwa mnyororo wa pembetatu kufuata longitudo 30 kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri, na kazi hiyo ilikuja kukamilika mwaka 1954.

Leo simu ya mtumba yenye kioo kilichopasuka inaufanya upimaji huo huku ukinyonga pedali, na makosa yake chini ya anga wazi ni mita chache. Mwenye safari ndefu na mfuko mwepesi aanzie hapo. Kujua ulipo kumekuwa jambo rahisi kuliko yote njiani, basi pesa zako zitafute kazi nyingine.

Wengi hapa mjini bado wanaamini kwamba bila mega za intaneti simu haiwezi kujua ilipo. Si kweli. Setilaiti za GPS, zisizopungua 24, zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza tu: kila moja inataja saa yake na mahali ilipo. Simu inasikiliza, haijibu, na hakuna anayeitoza. Kwa kuwa mawimbi ya redio huenda mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kuchelewa kwa kila tangazo kunaipa simu umbali wake na setilaiti husika. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya simu ingekuwa nzuri kama za kule juu. Kwa kuwa ni ya bei rahisi, inahitajika ya nne ili kuisahihisha. Kwa hiyo kazi bado ni ileile ya saa. Hata nadharia ya Einstein imo ndani: saa za setilaiti hizo huenda mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na kama hazingerekebishwa makosa yangeongezeka kwa kilomita kama 10 kwa siku. Ungelala Bunia ukaamka, kwa maoni ya simu, nje ya mji.

Mega zinasaidia jambo moja tu, haraka. Simu iliyozimwa muda mrefu haijui setilaiti zipi ziko juu yake, na taarifa hizo hutoka angani kwa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa konokono. Ikiwa haina mtandao iweke mahali peupe, usiitembeze, uipe dakika kadhaa. Orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kusomwa. Anayeitikisa na kuiwasha upya kila dakika mbili anairudisha mwanzo. Huku kwetu kuna la ziada. Ukanda wa ikweta huwa na vurugu kwenye tabaka la juu la hewa baada ya jua kuzama, na mawimbi ya setilaiti huyumba yakipita humo. Nukta ikirukaruka saa mbili usiku, simu yako haijaharibika.

Ni nini basi cha kununua? Vifaa maalumu vya baiskeli, vya Garmin, Wahoo na wenzao, vingi vinagharimu mamia ya dola. Sifa zao ni za kweli: kioo kinasomeka juani, mvua haividhuru, betri inakwenda kutwa nzima. Lakini ramani zilizomo ndani ya vingi vyao zimetokana na OpenStreetMap, ramani ya watu wa kujitolea iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na ramani hiyohiyo unaipata bure kwenye Organic Maps au OsmAnd. Pakua eneo lako lote ukiwa bado mjini kwenye Wi-Fi, halafu jaribu kulifungua mtandao ukiwa umezimwa. Watu huruka jaribio hilo, wakaja kukutana na ukurasa mweupe katikati ya msitu.

Pesa iliyobaki inunue umeme. Kinachokula betri si GPS, ni kioo, na pia simu inapohangaika kutafuta mnara usiokuwepo. Iweke simu kwenye hali ya ndegeni (katika simu nyingi GPS inaendelea kufanya kazi), iweke mfukoni, uitoe kwenye njia panda tu. Pawabanki iliyoandikwa 10,000 mAh haitaijaza mara tatu simu ya 3,300 kama hesabu ya dukani inavyodai: ndani yake umeme una volti 3.7, hutoka kwa volti 5, na katika kubadilishwa sehemu yake huwa joto. Hesabu mara mbili. Dinamo ya kusugua tairi hutoa wati 3 ukiwa na mwendo mzuri. Kwenye matope ya kusukuma baiskeli kwa mkono haitoi kitu. Paneli ndogo ya jua ninaipenda zaidi, na hapa jiografia iko upande wetu: karibu na ikweta jua la mchana halikai mbali na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paneli hulazwa tu juu ya kereya bila kuinamishwa kama wanavyofanya Wazungu kwao. Ila ukishaingia chini ya miti mikubwa baada ya Mambasa, ni mzigo mtupu. Huko chaji inauzwa kijijini kwa mwenye paneli kubwa au jenereta, na pawabanki ndiyo ya kumwachia usiku, simu ukalala nayo.

Ramani ya karatasi? Ya Michelin namba 746 ina uwiano wa 1 kwa 4,000,000, sentimita moja kwa kilomita 40. Bunia hadi Komanda haifiki sentimita mbili. Ni nzuri kwa kupanga ukiwa mezani na kwa siku simu ikitumbukia mtoni, ambayo ni sababu tosha ya kuwa na nakala yake kwenye mfuko wa plastiki.

Kifaa ambacho kinadharauliwa mno ni gurudumu lenyewe. Barabara ya taifa namba 4 kutoka Komanda kupitia Mambasa, Epulu na Nia-Nia hadi Kisangani haina njia panda nyingi za kukuchanganya. Kutoka Bunia hadi Kisangani ni karibu kilomita 700, na karibu kila siku swali si njia ipi, ni umbali uliobaki. Watu wa huko hutaja mahali kwa kilomita, PK hii au PK ile. Kihesabu mwendo cha sumaku kinachofungwa kwenye spoku kinatosha, betri yake ndogo inakaa miezi, mradi ukipime vizuri. Panga mzigo wote juu ya baiskeli, mafuta, maji na mahema, kwa sababu tairi lililobonyea chini ya uzito huwa na mzunguko mfupi. Weka valvu chini kabisa, chora mstari wa chaki ardhini, sukuma mizunguko kumi kamili, chora tena, pima kwa futi kamba, gawa kwa kumi. Phoenix ya inchi 28 itakupa kama mita 2.2 kwa mzunguko. Makosa ya asilimia moja yanazaa kilomita 7 kabla ya kufika Kisangani. Kwa msafiri aliyechoka hizo si chache.

Dira inunue ya bei ndogo, na isome ukiwa hatua kadhaa mbali na chuma cha baiskeli. Usishangae kama sindano ya dira iliyotengenezewa Ulaya inakwaruza sahani. Kule uga wa sumaku huvuta ncha ya kaskazini ielekee ardhini, hivyo mafundi huitia uzito ncha ya kusini kuisawazisha. Hapa Ituri ni ncha ya kusini inayovutwa chini, na uzito ule unaizidishia.

Kimo ndicho kinachodanganya zaidi. Kutoka Bunia, kama mita 1,275 juu ya bahari, kuteremka Kasenyi kwenye Ziwa Albert, mita 619, ramani inaeleza vyema, maana mtelemko wa bonde la ufa uko peupe. Msituni ni hadithi nyingine. Namba nyingi za kimo kwenye programu hizi zinatokana na rada ya chombo cha angani Endeavour iliyopima dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na rada ile haikupenya majani yote hadi chini. Kwa hiyo mchoro wa milima unaouona kabla ya Epulu una sehemu ambazo ni vilele vya miti. Simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa nayo ina lake: katika nchi za joto mgandamizo hupanda hadi saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi jioni, kila siku, kwa kiasi cha hektopaskali 3. Ukiwa umekaa kitako kwenye kiti, simu itadai umepanda mita 25 au zaidi.

Msitu unawaficha njia hata wachoraji wa ramani. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 huku Ituri na Kivu Kaskazini, watu wa kujitolea walichora nyumba na barabara nyingi kwa kutazama picha za setilaiti. Nyanda za Djugu zinaonekana kutoka juu. Kijia chini ya mwavuli wa miti hakionekani. Njia isipokuwepo kwenye ramani, labda haikuonekana tu. Na njia iliyopo yaweza kuwa imekufa tangu daraja lilipobebwa na maji.

Usalama ndio usiochorwa kabisa. Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na barabara iliyopitika Jumatatu yaweza kufungwa Alhamisi. Kwenye bariyeri simu ikae mfukoni: anayeonekana akisoma namba za mahali karibu na kambi anajitafutia maswali marefu. Hapo ndipo ninapowaamini madereva wa pikipiki kuliko programu yoyote, ila waulizwe vizuri. Usiulize "hii inaenda Mahagi?", utajibiwa ndiyo kwa adabu tu. Uliza kijiji kinachofuata kinaitwaje, kisha uliza pikipiki ya mwisho kutoka huko imefika saa ngapi. Kama ni ya asubuhi hii, itafute kituoni uangalie tope limepanda hadi wapi. Kama hakuna aliyeiona tangu juzi, muulize mama anayeuza chai pale kama kuna pa kulala.