Mcheza kwao hutuzwa; mcheza ugenini je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Walisema kweli, lakini hawakutwambia mcheza ugenini hufanywa nini. Pengine hutazamwa tu, pengine huchekwa. Swali hili mimi nililichukua kwa mzaha siku zote, mpaka niliposafiri hadi Endebess kumzuru mpwa wangu, nikalikuta limekaa sebuleni pake likinisubiri.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Endebess ni mji mdogo wa Trans Nzoia, kilomita 20 hivi kutoka Kitale, katika njia iendayo Suam kwenye mpaka wa Uganda. Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, umeuinamia mji huo kama mzee anayesikiliza maneno ya watoto. Kila upande ni mahindi. Wenyeji ni Wasabaot, Wabukusu na wengine wengi walioletwa na mashamba na kazi. Na baridi yake si ya mchezo: mtu wa Mwambao akiamka asubuhi hutafuta blanketi la pili kabla ya kutafuta viatu.

Mpwa wangu husomesha Kiswahili huko. Mkewe, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, alimfuata mwaka jana. Nyumba yao ni ya amani, alhamdulillahi, lakini bibi yule ana upweke. Hapana harusi za kwendea, hapana chakacha, hapana wenziwe wa kuazimana leso na kupiga soga mpaka usiku. Basi ilipotangazwa kwamba mwalimu mmoja, aliyejifunza dansi ya salsa Nairobi, ataanza kuwafundisha wanaotaka, yeye ndiye aliyetia majina yao wawili. Mafunzo yangekuwa Jumamosi saa 10 alasiri, darasani, madawati yakiwa yamesukumwa kando, na muziki ukitoka katika simu iliyofungwa kwenye spika. Waliojiandikisha ni walimu, wauguzi na makarani.

Bibi alifurahi. Bwana hakupata usingizi.

"Mjomba," aliniambia tulipokwisha kuamkiana, "watu wa huku wanadhani kila mtu wa pwani amezaliwa na ngoma tumboni. Wote wanangoja niwaonyeshe. Nami sikucheza hata harusini kwangu. Na liko jambo jingine." Hapo akanyamaza. Nami sikumwuliza. Jambo jingine hujileta lenyewe.

MCHUZI WENYE VIUNGO VINGI

Nilianza kwa kumweleza kwamba ugeni anaouogopa si mkubwa kama anavyoudhani. Salsa, kwa lugha ya Kihispania, maana yake ni mchuzi, na kama mchuzi wowote, una viungo vilivyotoka mbali. Asili yake kubwa ni muziki wa Kuba uitwao son. Kuba ni kisiwa ambacho Wahispania walikifikia mwaka 1492, mwaka ule ule walioutwaa mji wa Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu wa Andalusi. Walikwenda na ala zao, na mojawapo, iitwayo laúd, hata leo inapigwa katika nyimbo za mashamba ya Kuba. Jina hilo limetokana na Kiarabu, al-udi, jina lile lile la udi wetu wa taarabu.

Kiungo cha pili ni chetu zaidi, nacho kililetwa kwa machozi. Watu wengi wa Kongo na wa Afrika ya Magharibi walichukuliwa utumwani Kuba, na utumwa huko haukukomeshwa mpaka mwaka 1886. Mikono ilikuwa na minyororo, lakini haikusahau ngoma. Na neno hili hili, ngoma, limebaki Kuba mpaka leo, kuwa jina la ngoma za wazao wa Wakongo.

Kisha mchuzi ukarudi nyumbani. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri za Kuba zilizoandikwa GV ziliuzwa Afrika, miongoni mwao "El Manicero", uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu. Wanamuziki wa Kongo walizisikia wakazitambua, kama mtu anavyomtambua ndugu aliyepotea. Humo ndimo ilimokulia rumba ya African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Jina la salsa lenyewe lilipata nguvu New York katika miaka ya 1970, na mwaka 1974 Celia Cruz na Fania All Stars walikwenda Kinshasa, katika tamasha lililofungamana na pigano la Muhammad Ali na Foreman.

"Kwa hiyo," nilimwambia mpwa wangu, "huendi kujifunza kitu cha watu. Unakwenda kumpokea msafiri aliyechelewa kurudi."

MIZANI NANE

Maneno mazuri hayafundishi miguu. Tukatoka barazani, penye saruji, tukaanza kuhesabu.

Salsa huhesabiwa kwa 8. Mguu hukanyaga moja, mbili, tatu. Ya nne hutulia. Tena tano, sita, saba. Ya nane hutulia. Mwanamume huanza kwa mguu wa kushoto kwenda mbele, mwanamke kwa wa kulia kwenda nyuma, kisha hupokezana. Hilo ndilo alifu na be ya salsa. Mengine yote hujengwa juu yake.

Mpwa wangu alikanyaga zote 8 kama askari wa gwaride. Nilimwuliza: "Mstari wa shairi una mizani ngapi?" Akajibu kama mwalimu: "Kumi na sita, nane kwa nane." Nikamwambia: "Basi kila duara la salsa ni kipande kimoja cha shairi. Na kama msomaji wa shairi asipotua mahali pa kutua anavyoliharibu, ndivyo mchezaji asiyetulia katika ya nne na ya nane." Najua kwamba mizani ya ulimi na pigo la ngoma si kitu kimoja. Lakini mtu hujifunza jambo geni kwa kulifunga kwenye jambo alijualo. Tulipokuwa chuoni hatukupewa msahafu siku ya kwanza. Tulipewa herufi, tukaziimba pamoja tukiyumba, na aliyekosea alizibwa na sauti za wenziwe. Mafunzo ya kundi yana rehema hiyo.

Alipoanza kutulia, nilimpa maonyo manne. Hatua ziwe fupi, zisizidi urefu wa kiatu chake. Macho yasitazame miguu, kwani kichwa kikiinama mwili wote huinama. Kuongoza si kuvuta. Mkono wa mwenzio si kamba ya mbuzi. Na akikosea asisimame kuomba radhi, angoje moja inayofuata aingie.

Kuhusu vyombo, nilimwambia aviache nyumbani viatu vyenye soli nzito ya mpira. Soli hiyo hung'ang'ania sakafu wakati mwili unageuka, na linaloumia ni goti. Soli ya ngozi ndiyo nzuri. Na kwa kuwa njia ya Endebess mvua ikinyesha ni tope tupu, viatu vya kuchezea vichukuliwe mfukoni, vivaliwe mlangoni. Kucha zikatwe, pete kubwa zivuliwe, ziwepo taulo na maji ya kunywa. Chakula kiwe chepesi, na kitunguu kibichi kingoje usiku. Sala ya alasiri iswaliwe kwanza, na safari ya kurudi ianze kabla ya magharibi.

Jirani yake, mzee wa Kibukusu, alikuwa akitutazama kutoka ukingoni mwa shamba lake. Akaja, akacheka, akasema: "Sisi tunatahiri vijana mwezi wa Agosti, katika miaka ya shufwa. Kijana huzunguka kwa jamaa zake akicheza na kupiga njuga ziitwazo chinyimba, akiwaalika. Lakini huanzia nyuma ya nyumba ya mama yake, mahali pasipo mtu. Anayekuja mbele ya watu amekwisha kosea mara mia pasipo watu." Kisha akatuonyesha kidogo kamabeka, ngoma ya mabega ya Wabukusu, ambayo huchezwa kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho litungu. Miguu yake haikusogea, na mabega yake yalikuwa ya kijana wa miaka 20.

JAMBO JINGINE

Usiku, baada ya chakula, jambo jingine likajileta. Mpwa wangu alikuwa ametazama katika simu jinsi mafunzo ya salsa yaendeshwavyo. Baada ya muda mfupi mwalimu hupiga kofi, wanaume wote wakasogea, kila mmoja akamshika mwanamke mwingine. Hivyo ndivyo ilivyo mahali pengi, maana mtu hujifunza upesi akicheza na wengi.

"Mjomba, nitaushika mkono wa mke wa nani? Na wa mke wangu ataushika nani? Nikikataa mbele ya watu, nitakuwa nimewatusi wenzangu ninaofanya nao kazi kila siku. Nikinyamaza, nitakuwa nimejitusi mwenyewe. Nimeona heri nitume neno kwamba nina homa."

Mimi si shekhe, na mwenye kutaka fatwa aende kwa wenyewe. Wako wanazuoni wanaokataza mengi katika ngoma na muziki, na hoja zao zafaa kuheshimiwa. Nilimkumbusha tu yale tuliyosomeshwa chuoni: kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwachia Bibi Aisha atazame mpaka alipotosheka, na kwamba yeye mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha, mara akashindwa, mara akashinda. Mume kucheza na mkewe si jambo la kuonea haya. La kuonea haya ni homa ya uongo.

"Lakini wasema, ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho," alinijibu.

Hapo mkewe, aliyekuwa akitia chai, alisema maneno ambayo mimi mwenye mvi sikuyafikiria. "Wao hawajatwambia tuvunje jicho. Sisi ndio tuliolishika jiwe kabla hatujaulizwa."

Sikuwa na la kuongeza. Kwa siku tatu nilikuwa nikimtayarisha miguu, viatu na kucha, kumbe matayarisho yaliyohitajiwa yalikuwa ya ulimi. Alitakiwa kumwendea mwenye ngoma kabla ya siku ya ngoma, faraghani, kwa heshima, amweleze: sisi ni mke na mume, tutacheza sisi kwa sisi, na wakati wa kubadilishana tutabaki mahali petu. Neno hilo likisemwa Alhamisi ni adabu. Likisemwa Jumamosi katikati ya duara, linakuwa ugomvi.

Alhamisi akaenda. Alirudi uso umekunjuka. Mwalimu yule hakushangaa hata kidogo. Alisema hata Nairobi wako wachumba na wanandoa wasiobadilishana, na huwekwa mwisho wa safu ili wasiwakatize wenzao. Kisha akamwambia jambo lililonigusa: watu wengine wawili katika orodha, wasio wa dini yetu, walikuwa na wasiwasi ule ule, kila mmoja kwa sababu zake, na hapana aliyethubutu kuwa wa kwanza kusema. Sasa ingekuwako safu ya kudumu.

JUMAMOSI

Niliwasindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango. Nusu saa ya kwanza hapana aliyemshika mtu. Wote walisimama safu safu, nyuso mbele, wakihesabu. Nilikumbuka safu za lelemama na za beni za zamani, watu bega kwa bega. Mpwa wangu alisahau kutulia katika ya nne, akamkanyaga karani wa watu. Pakazuka kicheko. Naye akacheka, akangoja moja, akaingia. Nilipoona hivyo nilijua amefaulu, hata kama asingejifunza hatua nyingine.

Mkewe, ndani ya dera na mtandio wake, alizishika hatua kabla ya wote, mpaka mwalimu akawaambia wauguzi watazame miguu yake. Nilimwona akitabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike. Mafunzo yalipokwisha, wauguzi wawili walibaki naye wakiulizana habari za leso na za upishi wa biriani. Upweke wa miezi mingi ulianza kupata mlango wa kutokea.

Tulirudi jua likielekea kuzama, viatu vya ngozi vimo mfukoni, tope limo vidoleni. Bibi alikuwa mbele akihesabu: moja, mbili, tatu, na bwana nyuma yake akiitikia: tulia.

Basi mcheza kwao hutuzwa. Na mcheza ugenini, nimeona, naye hutuzwa, iwapo atawaambia wenyeji yeye ni nani kabla ngoma haijalia. Usiku ule nilimwandikia ubeti mmoja aubandike ukutani, aufanyie mazoezi kila kipande kwa hatua zake 8. Nawaachia nanyi:

Mgeni akiingia, asikimbilie mbele,
Asimame kutulia, asifanye makelele,
La moyoni kuwambia, wenyewe wa pale pale,
Ndipo ngoma kuingia, kwa hatua zile zile.